Jumamosi za Bibi Harusi

Marafiki zangu walikuwa wamepanga kunitoa mara nne. Kwetu sisi tuliokulia kambi ya polisi pale Naguru, msichana anayekaribia kuolewa hutolewa na wenzake. Kila Jumamosi ya mwezi wa mwisho wanamchukua mchana, wanampeleka mahali pa kula na kucheka, kwa imani kwamba akishaingia kwa mume hatatoka tena ila kwa ruhusa au kwa msiba. Mimi niliwahi kuwatoa wao wote watatu, na mmoja wao nilimtoa mara mbili, maana aliolewa mara mbili. Sasa ilikuwa zamu yangu, na hawakutaka kusikia habari za uchovu.

Wa kwanza ni askari wa barabarani, binti wa sajini kutoka West Nile, Mwislamu, aliyerithi kazi ya baba yake na sauti ya baba yake pia. Wa pili ana saluni Bwaise, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha maji huingia bila hodi na wateja hupandisha miguu juu ya viti huku wakiendelea kusukwa. Huyu ameokoka, na kila jambo kwake ni ama la Mungu ama la shetani. Wa tatu ni Mkongomani. Alifika shuleni kwetu akitokea Goma akiwa msichana mkubwa, hajui Kiganda wala Kiingereza, na Kiswahili chetu cha kambini, kibovu hivyo hivyo, ndicho kilichompatia marafiki. Leo anauza vitenge Kasubi na bado anatucheka tunavyosema.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimepokea majibu ya damu. Niliyatia kwenye mkoba, katika mfuko wa ndani wenye zipu, na mkoba huo nikaubeba kwenda nao matembezini.

Kanisani kwetu harusi haifungwi mpaka majina yasomwe Jumapili tatu mfululizo, na kabla ya Jumapili ya tatu wachumba wanampelekea mchungaji karatasi mbili kutoka maabara. Ya kwanza ni ya ukimwi. Ya pili ni ya seli mundu, ule ugonjwa wa damu ambao Kampala tunauita siko tu. Kila mtu anaiogopa ya kwanza. Sisi pia. Mchumba wangu alipoisoma na kuona wote tu wazima, alinishika kiuno akanizungusha pale pale ukumbini mbele ya wagonjwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatupigia makofi. Ya pili tuliifungua tukiwa bado tunacheka. Ilikuwa na herufi mbili zile zile kwake na kwangu, A na S, na mhudumu akatuomba turudi ndani tukae.

Alikuwa mwanamke mpole, anayeongea polepole. Alichora vijumba vinne kwenye kipande cha karatasi, akakipaka kimoja wino wote. Alisema sisi wawili ni wazima na tunaweza kuzeeka vizuri, lakini kila mmoja wetu amebeba nusu ya ugonjwa, na kila mimba tutakayopata itakuwa sawa na kufumba macho na kuweka kidole kwenye kimojawapo cha vijumba vile. Akarudia kwamba ni kila mimba, si mtoto mmoja kati ya wanne halafu basi. Alituambia pia kwamba siku hizi zipo dawa na zipo kliniki. Mchumba wangu alivitazama vile vijumba vitatu vyeupe. Mimi nilikitazama cheusi, kwa sababu nilikuwa nimeishi nacho nyumba moja.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alizaliwa na siko. Tulikaa kwenye kibanda cha mabati cha mviringo, vile walivyopewa askari wa vyeo vya chini, wazazi upande mmoja wa pazia na sisi upande wa pili. Mabati yale yalipopoa wakati wa mvua, viungo vyake vilianza. Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajasikia mtoto akililia mifupa yake. Hakikuwa kilio cha kudeka. Kilianzia chini, pumzi tu, halafu kikapanda, na nyumba zote za karibu zikajua. Baba akiwa zamu, mimi, binti wa sajini na huyu wa saluni ndio tuliombeba mgongoni mpaka zahanati, tukibadilishana kila mmoja alipochoka, na yeye huko mgongoni alikuwa anatuomba msamaha kwa uzito wake. Alifariki kabla hajamaliza shule ya msingi.

Watu wa nje tuliwaambia ni malaria. Ndivyo ilivyokuwa kambini. Nyumba yenye siko ilikuwa na malaria isiyokwisha, majirani wote walijua na wote walisema malaria, maana binti wa nyumba yenye siko nani atamwoa? Niliuzoea uongo ule hata mchumba wangu nikamwambia hivyo hivyo, tulipoanza kupendana, kwamba nilikuwa na mdogo wangu akachukuliwa na malaria. Alinipa pole. Kwa miaka mitatu sikumsahihisha. Ningemwambia mwaka wa kwanza, tungepimwa mwaka wa kwanza, tukalia kidogo, tukaachana tukiwa bado karibu wageni. Hilo ndilo kosa langu, na simsingizii mtu.

Basi Jumamosi ya kwanza walinipeleka Ggaba kula samaki. Tulikaa kwenye mabenchi karibu na maji, kalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wamesimama nyuma yetu na shingo zao za upara wakingoja mifupa, na mbele yetu ngege wazima wa kukaanga, mikia ikitokeza nje ya sahani. Wenzangu walikula kwa mikono mpaka vifundoni. Mimi nilimchambua wangu upande mmoja tu. Yule askari akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole vyake.

"Wewe iko nakonda," akasema. "Bwana harusi atashika nini?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nilijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kucheka kwa mdomo peke yake mchana mzima na asigunduliwe. Walizungumza habari za gomesi, lile vazi refu la sherehe, za rangi ya vitambaa, za shangazi wa bwana harusi anayejulikana kwa ukali. Mkongomani aliahidi kuniletea kitenge ambacho hakuna mwanamke mwingine mjini atakuwa nacho, ahadi anayompa kila mteja. Nilirudi nyumbani nanuka samaki, nikaoga mara mbili.

Katikati ya juma nilimfuata mchumba wangu Namuwongo saa ya chakula. Alikuwa fundi umeme, mtoto wa mwanajeshi, watu wa kaskazini kama sisi. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kutarajia mema bila kujitahidi. Wengine hupanga kuwa na tumaini, yeye alikuwa nalo tu asubuhi akiamka. Tulikaa kwenye mawe kando ya reli, akafungua chapati yake akanikatia nusu. Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli kuhusu mdogo wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, darasani, huku nikiwaimbisha watoto wangu wa chekechea. Kabla sijaanza akasema yeye ameshafikiri na moyo wake umetulia.

"Moja kwa nne, mpenzi," akasema. "Mimi nabeti mpira na odi mbaya kuliko hii, na nakula."

Alisema kwa upendo, najua. Aliniwekea mkono begani. Lakini nilipandwa na hasira kiasi kwamba niliona reli zinacheza. Mtoto wangu amefanywa timu ya mpira. Nilitaka kumtupia ile chapati. Nilitaka kumwambia kijumba cheusi kilikuwa na jina, kilikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, kilipenda kupaka kucha zangu rangi. Badala yake nikasimama, nikapukuta sketi, nikasema muda umekwisha. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, nimechoka tu na mambo ya harusi. Nilipanda boda nikalia njia nzima, na dereva akajifanya hasikii.

Jumapili iliyotangulia, kesho yake ya Ggaba, majina yetu yalikuwa yamesomwa kwa mara ya kwanza. Watu walipiga vigelegele. Mchungaji aliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna anayejua sababu ya kuzuia ndoa hii, na niligeuka nikatazama nyuma pamoja na wengine wote, nikitumaini kumwona mtu amesimama. Hakusimama mtu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya bwawa la kuogelea, kwenye hoteli moja mlimani Muyenga. Kulikuwa na mawingu na maji yalikuwa baridi, lakini mwenye saluni alikuwa ameshasema ataogelea na hakuna kitu kingemzuia, hata kutojua kuogelea. Aliingia na gauni lake, akasimama mahali pa watoto, maji yakamfika kiunoni, akatangaza kwamba anaogelea. Mkongomani alikaa ukingoni akining'iniza miguu. Hapo wakaanza kunipangia watoto. Wa kwanza awe msichana ili anisaidie. Wa pili mvulana. Wa tatu yule wa saluni alimwomba awe wake, atamsuka bure mpaka atakapoolewa. Wakabishana watafanana na nani, wakakubaliana kwamba pua iwe ya baba, maana yangu haifai kurithiwa.

Niliwaambia naenda msalani. Nilijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikatoa ile karatasi nikaisoma tena, sijui nikitafuta nini. Herufi hazikuwa zimebadilika. Nilipotoka nilimkuta askari amesimama mlangoni na taulo langu. Hakuwa ameingia majini. Yeye hakuchangia hata neno katika ule mgawo wa watoto. Mumewe alikuwa amemwacha miaka miwili nyuma kwa sababu hakuzaa, na habari za watoto zikianza yeye huangalia pembeni. Aliniuliza kama naumwa. Nilisema tumbo. Alinitazama kama anavyomtazama dereva anayesema ameisahau leseni nyumbani, akanipa taulo, tukarudi.

Tulimwona mchungaji pia, katika juma hilo. Alizisoma karatasi, akavua miwani, akasema yeye hazuii. Kanisa linataka tu tujue tunachokiingia. Alituombea, akatuambia tukaombe na sisi, kisha tumletee neno la mwisho kabla ya tangazo la tatu. Mchumba wangu alimshukuru kwa mikono miwili. Nilitembea nyuma yao hadi getini nikiwaza kwamba hata huyu, ambaye hutukataza sketi fupi na muziki wa dunia, hili ameliacha mikononi mwangu.

Mama sikumwambia. Alikuwa ameshika gomesi yangu siku zote zile, akishona ukosi wake kwa mkono kwa sababu hakuamini mashine, na alikuwa anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu tulipotoka kuzika.

Jumamosi ya tatu, kesho yake likisubiriwa tangazo la tatu, tulikwenda Kabalagala kula nguruwe. Askari wetu alikuja pia. Alijinunulia mishikaki ya mbuzi ng'ambo ya barabara, akajiwekea sahani yake pembeni ya meza, akasema harufu haimdhuru na dhambi ni yetu. Nyama ilikuja imekaangwa na vitunguu, na mihogo na nyanya mbichi na parachichi. Kulikuwa na jua zuri. Nakumbuka nilifikiri kwamba hii ndiyo siku ningechagua, kama mtu angenipa nichague siku ya kuwa na furaha.

Nikaitoa karatasi nikaiweka mezani, katikati ya sahani, nikawaambia.

Nitasema ukweli, kwa sababu sina tena wa kumdanganya. Sikuwaambia ili wanishauri. Niliwaambia ili wanisukume. Nilitaka wanizunguke, wanifokee kwa ujinga wangu wa kuogopa, wanivishe lile gauni kwa nguvu. Na mwanzo nilipata nilichotaka. Mwenye saluni aliishika karatasi kwa ncha za vidole akasema hiyo ni kazi ya shetani, ameona furaha yangu akaingiza mguu, na tuichane hapo hapo. Mkongomani alisoma zile herufi, akainua mabega.

"Siye tulizalaka watoto njiani, risasi inalia," akasema. "Nani alitupimaka? Na wako wazima. Olewa, dada."

Nilihisi kifua kinafunguka. Nikachukua kipande cha nyama, cha kwanza mchana ule, nikakitafuna kwa njaa ya kweli. Mkongomani alikuwa amemaanisha kila neno. Yeye hakumwona mdogo wangu. Alikuja shuleni mwaka uliofuata.

Askari alikuwa amemaliza mishikaki yake. Alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Halafu akaongea taratibu, yeye ambaye sauti yake husimamisha malori.

"Mimi nilibeba yule mtoto," akasema. "Wewe najua. Na wewe wa saluni najua, iko nasahau makusudi. Kama wewe nataka olewa, olewa. Lakini ingine mimi siwezi beba."

Mwenye saluni aliiangalia sahani yake. Hakuna aliyesema shetani tena.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia rafiki yangu dakika ile. Kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe, kwa maneno makali zaidi, na hiyo ndiyo sababu. Nilikuwa nimebakiwa na watu watatu wa kunidanganya na yeye akakataa. Nikatafuta mahali pa kumchoma, na kwa mtu uliyekua naye huhitaji kutafuta sana.

"Wewe hata wako wa kubeba hujapata," nikamwambia.

Akafunga mtandio wake vizuri. Akanywa soda iliyobaki, akaweka chupa chini bila kuigonga, akaondoka akipita kati ya meza akiwaomba watu njia. Angenitukana ningepata nafuu.

Asubuhi iliyofuata nilifika kanisani kabla ya watu, nikamwambia mchungaji asisome majina yetu. Akaniuliza kama mwenzangu anajua. Nikasema anajua. Sina maelezo ya kutosha kwa hilo. Nilikuwa nimempigia simu mara mbili jana yake jioni, na mara zote mbili alipopokea aliniita bibi harusi, nikashindwa. Nilijiambia nitamwahi mlangoni kabla ya ibada. Alipofika mlangoni alikuwa na mama yake, amevaa shati jipya la buluu, na nilishindwa hapo pia.

Matangazo yalisomwa baada ya sadaka. Kulikuwa na wachumba wengine wawili, majina yao na ya wazazi wao, na vigelegele vyao. Halafu mchungaji akakunja karatasi akaendelea na habari ya kikao cha akina mama. Mchumba wangu alikuwa amekaa kwa kujinyoosha, tayari kusimama tukiitwa. Alisubiri kidogo, kisha akaniinamia akitabasamu.

"Ametusahau," akaninong'oneza. "Nitamkumbusha tukitoka."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hakusahau. Akaendelea kutabasamu muda mfupi, uso ukiwa bado haujapata habari, halafu akatazama mbele na hakuniangalia tena mpaka ibada ikaisha.

Tulizungumza nje, nyuma ya ukuta, watu wakitupita wakidhani tunapanga mambo ya harusi. Nilimwambia mdogo wangu hakufa kwa malaria. Nilimwambia kilio, zahanati, macho ya njano; umri wake tu sikuutaja. Nilidhani akisikia ataelewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka mitatu," na akasema tena, "Miaka mitatu," na nikatambua kwamba hazungumzii ugonjwa. Alikwenda kumchukua mama yake akampeleka nyumbani. Hakunipigia kelele wakati ule wala baadaye.

Mchana nilimwambia mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, gomesi imemjaa magotini, bado ukosi kidogo kumalizika. Nilitegemea alie, au anikumbatie, anishukuru kwamba sitamrudisha pale alipotoka. Alichomoa sindano, akaichomeka kwenye kizibo asiipoteze.

"Kama ile wakati walitupima mimi na baba yako," akasema, "wewe sasa ingekuwa wapi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kweli, akanitazama akingoja jibu. Na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna upande ambao ningekuwa sahihi. Ningeolewa, ningekuwa nimempeleka mtoto wangu kwa makusudi kwenye kile nilichokijua. Nimekataa kuolewa, nimemwambia mama yangu kwamba watoto wake wote wawili hawakupaswa kuzaliwa, aliyekufa na mimi niliyesimama mbele yake. Nilikaa chini karibu naye. Alizikunja zile yadi za kitambaa, akazitia kwenye sanduku, na kuimba akaacha.

Jumamosi ya nne walikuja kunichukua hata hivyo. Gari la kwenda Jinja lilikuwa limeshapangwa, na mwenye saluni alisema dereva hataki kusikia habari za kuahirisha. Tukaenda watatu. Tulisimama pale mto unapotoka ziwani, tukatazama maji, tukapigwa picha na mpiga picha aliyetuuliza ni sherehe gani.  Mkongomani akasema ni siku ya kuzaliwa. Mpiga picha akauliza ya nani, na yule wa saluni akaanza kulia kwa sauti, akimlilia mdogo wangu kwa jina, akisema anakumbuka, anakumbuka kila kitu, alimbeba akiwa amevaa viatu vya shule vilivyobana. Tulirudi Kampala bila kula. Ilikuwa ndiyo mara ya mwisho sisi kutoka pamoja kama kundi. Kwa askari nilikwenda baada ya miezi mingi kuomba radhi, akanipokea, akanipa chai. Tunasalimiana vizuri. Hajaniita tena kwa jina langu la utani la kambini.

Miaka minne ilipita. Mimi bado nafundisha chekechea. Wanaume wawili walionisogelea niliwauliza habari za damu yao kabla hata hatujazoeana, na nadhani hilo lilitosha kuwafukuza. Yeye nilisikia ameoa, kwao kaskazini, ndoa ya kienyeji. Nilifurahi, nikaumwa wiki nzima.

Mwaka jana, saa ya watoto kulala mchana, simu iliita. Namba sikuijua, sauti niliijua kabla hajamaliza kusema haloo. Aliomba samahani kwa kunisumbua. Akasema ana binti, hajafika miaka miwili, na mikono yake imevimba, na hospitali wamewaambia ni nini. Nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi.

Nilimuuliza kwa nini hakumpima mke wake. Yeye alijua. Katika watu wote, yeye alijua. 

"Niliogopa," akasema. "Nilifikiri akijua naye ataondoka."

 Aliniuliza sisi nyumbani tulikuwa tunafanya nini maumivu yakianza. Nikamweleza. Maji ya uvuguvugu, kamwe si ya baridi. Anywe sana, hata akikataa. Soksi mvua ikinyesha. Asimkandamize anapombeba, amwache mtoto atafute mwenyewe mahali pasipouma. Alikuwa anaandika, nilisikia anarudia maneno polepole. Nikamkumbusha dawa za kliniki asikose hata siku moja.

Halafu akaniuliza mdogo wangu alifika miaka mingapi. Nyuma yake nilimsikia mtoto, pumzi tu, bado chini. Mdogo wangu alikufa akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Ishirini na sita," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Akanishukuru, akasema anakwenda kumwambia mke wake.